Kitanda cha Nyuma

Upande wa magharibi wa mto Peel, pantoni haianzi kazi mpaka saa tatu asubuhi. Anayewahi kufika hana la kufanya ila kuzima injini na kutazama maji yakipita. Mzee Wendell Thiessen, mkulima mstaafu wa ngano kutoka Saskatchewan, alifika saa mbili kasoro. Aliegesha gari-nyumba lake refu, lililokuwa jeupe kabla halijakutana na tope la barabara ya Dempster, akachemsha kahawa, akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Mkewe, Irma, alikuwa amelala kitanda cha nyuma, na mzee hakutaka kumwamsha. Pantoni ilipogusa ukingo, mfanyakazi mmoja akamuuliza mko wangapi humo. Wawili, mzee akajibu, akaenda nyuma kumwambia mkewe avae viatu. Chini ya blanketi kulikuwa na mito miwili.

Koplo Mavis Itsi aliitwa kutoka Fort McPherson, mji wake wa kuzaliwa, kilomita kumi na moja kutoka ng'ambo ya pili. Alivuka saa tatu na nusu pamoja na Konstebo Pardy, na tangu mguu wake uguse changarawe hakutulia mahali pamoja. Alilizunguka gari-nyumba mara mbili, akaitazama barabara lilikotoka, akayatazama mawingu yaliyolala juu ya milima ya Richardson, ndipo akamgeukia mzee. Theluji ya kwanza ya Agosti ilikuwa ikianguka huko juu tangu alfajiri. Helikopta ya Inuvik haikuweza kuruka. Kama mama yule alikuwa mahali fulani nje, basi alikuwa nje kwenye theluji hiyo, na kila dakika ya maneno ilikuwa inakatwa kwenye uhai wake.

"Mara ya mwisho ulimwona lini, mzee?"

"Jana usiku, kule Eagle Plains. Tulilala kwenye uwanja wa magari. Alivua miwani, akaniambia nisikorome."

"Na leo?"

"Leo sikumwona. Nilimsikia."

"Akisema nini?"

"Hakusema. Aligonga."

Konstebo Pardy aliinua kalamu. Alikuwa mtu wa Newfoundland, miaka thelathini na miwili, amehamishiwa huku mwezi Mei, na kwa mwandiko mzuri hakuna aliyemfikia kituoni. Alimtupia koplo wake jicho la kusema, unayasikia hayo.

"Sisi tuna utaratibu wetu," mzee akaeleza. Mikono yake mikubwa ilikuwa haijui iende wapi. Mara mfukoni, mara kiunoni. "Miaka tisa tunaishi humu. Nikiwa kwenye usukani na yeye yuko nyuma, sauti haifiki. Kwa hiyo anagonga. Mara mbili, twende. Mara tatu, subiri. Akiwa ndani anagonga ukuta wa chumba, akiwa nje ananielekeza kurudi nyuma anagonga bodi. Mimi huamka saa kumi alfajiri nikaendesha, yeye analala mpaka ashibe usingizi. Ndiyo tabia yetu. Leo asubuhi aligonga mara mbili, nikaondoka. Sasa kama hakuwamo, binti, nani alinigongea?"

"Hapo ulipogongewa ni wapi?"

"Njiani, niliposimama. Pa ngapi, sikumbuki."

"Ulisimama mara ngapi?"

"Tatu. Kwanza kwenye kambi ya Rock River, nikaze kamba za baiskeli. Halafu huko mlimani, nifute taa na ile kamera ya nyuma. Halafu ziwani, nijisaidie."

"Ujisaidie nje? Humo ndani si mna choo?"

Mzee aliangalia chini. "Tangi limejaa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mchana. Pale Eagle Plains kulikuwa na foleni ya kumwaga, nikamwambia Irma tutamwaga mbele ya safari. Taa nyekundu ilikuwa imeshawaka. Ukiongeza hata kidogo, linarudi juu."

"Na mama, akibanwa usiku?"

"Nilimwambia atumie kopo."

"Akasemaje?"

"Aliniambia kopo nitumie mimi, na akanielekeza namna ya kulitumia."

Mavis alikwisha kumwacha, yuko ndani. Alipita jikoni, akafungua kabati, akafunga. Kwenye sinki kulikuwa na taulo lenye damu. Kwenye ndoano ya mlangoni kulikuwa na koti la kike, zito, la bluu. Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, kitanda kimeenea ukuta hadi ukuta. Dawa za mama zilikuwa hapo. Kitabu chake kilikuwa hapo, kimefunikwa kifudifudi ili ukurasa usipotee. Miwani haikuwepo. Mlangoni, kwenye sinia la viatu, kulikuwa na viatu vya kike jozi mbili, na nafasi tupu yenye tope kavu, kubwa.

"Mzee, hapa hukaa nini?"

"Mabuti yangu ya mpira."

"Yako wapi?"

Mzee alichungulia, akaguna. Hakuwa ameona kwamba hayapo.

Pardy alimvuta koplo pembeni, karibu na maji. Alikuwa ameshapiga simu hoteli ya Eagle Plains, na simu hiyo ilikuwa imemchangamsha.

"Bosi, nimepata shahidi. Mama mmoja wa Alberta, gari lake lilikuwa jirani yao jana. Saa mbili usiku amesikia ugomvi. Huyu mzee akipiga kelele. Nimemwambia anitamkie taratibu niandike." Alifungua daftari. "'Ukikikalia tena, Irma, haki ya Mungu nitakuacha barabarani.' Neno kwa neno."

"Choo, Pardy. Alikuwa anazungumzia choo."

"Sawa, choo. Watu wameuana kwa mambo madogo kuliko choo. Tuna ugomvi, tuna tishio, tuna damu kwenye sinki, tuna mume aliyekaa saa nzima anakunywa kahawa na kitanda kitupu mgongoni kwake. Karibu saa nne za safari hajamchungulia mkewe hata mara moja? Mimi nina mke, bosi. Mimi huchungulia."

"Una ndoa ya miaka mingapi?"

"Miwili."

"Huyu ana hamsini na mmoja. Ameshajifunza asichungulie." Mavis alitupa jiwe majini bila kulitazama lilipoangukia. "Damu ni yake. Mtazame kidole gumba. Taa ya nyuma ya kushoto imevunjwa na jiwe, na kwenye kigae chake kuna tone. Alijikata akifuta. Na mabuti je?"

"Mabuti yamefanya nini?"

"Hayapo. Mtu anayekwenda kutupa maiti haivalishi mabuti kwanza. Koti lipo, mabuti hayapo, miwani haipo. Huyo ni mtu aliyetoka kwa dakika mbili kwa miguu yake mwenyewe, na alitaka aone anakokanyaga."

"Au aliyetolewa nje akiwa ameyavaa." Pardy hakuwa mjinga, na Mavis alilijua hilo. "Taratibu zinasema gari lifungwe utepe, mume awekwe chini ya ulinzi, tuwasubiri wapelelezi wa Yellowknife. Mawingu yakiinuka watafika jioni."

"Jioni watakuta maiti kweli."

Alirudi kwenye gari-nyumba, akalizunguka mara ya tatu, sasa polepole, mkono ukipapasa bodi. Kwenye pembe ya nyuma, upande wa kulia, karibu na ngazi ya kupandia juu, alisimama. Tope la kijivu lilikuwa limekauka hapo na kupasukapasuka, lakini si sawasawa. Mahali patatu lilikuwa limebonyea kidogo. Alitoa kisu, akakwangua kwa ncha. Gamba la kijivu likatoka zima. Chini yake kulikuwa na tope jeusi, na kwenye lile jeusi kulikuwa na kiganja cha mtu, vidole vitano vimetanuka.

Alikwangua la pili. Kiganja. Alikwangua la tatu. Kiganja.

"Mjomba," aliita. "Hebu njoo utazame tope."

Ernest Kaye, ndugu wa mama yake, alikuwa dereva wa greda kwa miaka thelathini na mmoja, na ndiye aliyefunga geti la kuzuia magari yanayopanda mlimani saa kumi na mbili asubuhi, upepo ulipoanza kupindua malori huko juu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya greda na chupa yake ya chai, akisikiliza kila kitu na kujifanya hasikii. Alikuja, akainama, akalamba kidole, akagusa.

"Nyeusi hii si yetu. Ya wenzetu wa Yukon, jimbo la jirani. Wao wanasaga lile jiwe jeusi, wanamwaga mpaka kwenye kibao cha mpaka hasa, hawakupi hata koleo moja la ziada, wachoyo wale. Kuanzia kibao kuja huku ni kijivu changu."

"Kwa hiyo kiganja kilibonyezwa tope jeusi likiwa bado bichi, halafu kijivu kikarukia juu."

"Ndivyo. Aliyepiga hapa alipiga kabla gari halijavuka mpaka. Halafu gari likaenda, yeye akabaki."

Ziwa lilikuwa upande wa huku, kwenye kijivu. Likatoka kwenye hesabu. Zilibaki Rock River na mlimani, na kati ya hizo mbili kulikuwa na tofauti ya kufa na kupona. Rock River iko bondeni, ndani ya miti ya misonobari, na kambini kuna kibanda chenye jiko la kuni. Mtu aliyeachwa hapo angekaa akisubiri na kulaani. Mlimani hakuna mti hata mmoja. Na aliyekosea mahali pa kuanza kutafuta angepoteza saa nzima.

Mavis alimwendea mzee karibu kwa kukimbia.

"Mzee, nisikilize vizuri. Ule mlio wa kugonga. Ulipousikia, mikononi ulikuwa na nini?"

"Ndoo. Na kitambaa."

"Mikono yote miwili imeshika?"

"Yote."

"Kofia yako ilikuwa kichwani?"

"Hapana, nilikuwa nimeiuma kwa meno. Ingechukuliwa na..." Alijaribu kukumbuka. "Nilikuwa napanda mlango wa dereva, nimeiuma kofia, nikasikia ngo, ngo. Nikasema moyoni, kumbe ameamka. Nikatia gia."

Rock River kofia haiumwi kwa meno. Pale hata moshi hupanda wima. Mavis alimtazama mjomba wake, na Ernest alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea gari la polisi, funguo za geti zikilia mfukoni.

Hapo ndipo Mavis alipofanya kosa, na alilijua kosa hilo kabla halijamaliza kumtoka mdomoni.

"Aligonga mara tatu," alisema. "Viganja vipo vitatu, mzee. Alikuwa nje nyuma ya gari, anakwambia subiri. Upepo ulimeza mlio mmoja."

Mzee Wendell alitazama pembe ile ya gari, akatazama mikono yake, kisha akakaa chini pale pale kwenye changarawe, miguu imenyooshwa mbele. Mavis alijisikia vibaya. Lakini ilikuwa saa nne, na Irma alikuwa nje tangu saa kumi na mbili kasoro.

"Pardy, mpe kitu cha kukalia. Kaa naye. Usimwulize neno mpaka nirudi."

"Bosi, kule ni ng'ambo ya mpaka. Ni Yukon. Si eneo letu, na utaratibu unasema..."

"Andika kwamba nimekaidi. Andika na saa."

Kutoka kivukoni hadi mpakani ni kilomita sabini na nne, na barabara ilikuwa imelowa, utelezi mtupu. Mavis aliendesha kwa mwendo ambao angemwandikia mtu mwingine faini. Alibadilisha gia pasipohitaji kubadilishwa, akawasha kifuta kioo, akakizima, akakiwasha tena. Ernest alishikilia mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili.

"Ukitupindua," alisema, "nani atakuja kututafuta sisi? Maana mwenye geti ni mimi."

"Amevaa nini, mjomba? Gauni la kulalia na sweta, basi. Miaka sabini na miwili."

"Mke wa mkulima wa ngano huyo. Amezikwa na theluji kila mwaka tangu azaliwe. Usimzike tena wewe."

Ziwani waliona moshi. Ulitoka kwenye kibanda cha tatu kutoka mwisho, mweupe, umelala juu ya maji, na mguu wa Mavis ukaondoka wenyewe kwenye mafuta. Palikuwa na joto pale. Palikuwa na mtu. Ingekuwa rahisi sana kuwa ni yeye.

"Ni binamu yako Abe," Ernest alisema. "Anakausha nyama."

"Una hakika?"

"Sina. Lakini tope lile nina hakika nalo."

Mavis aling'ata mdomo, akakanyaga mafuta. Kwa kilomita kumi nzima aliendelea kutazama kioo cha nyuma, ingawa ziwa lilikuwa limeshapotea, na alijichukia kila alipotazama.

Walianza kupanda. Theluji ilianza ikiwa chembe chembe, kisha ikawa inakuja ubavuni, haianguki bali inapita. Ernest alijaribu redio, akampata Pardy kwa mkwaruzo.

"Mzee vipi?" Mavis aliuliza.

"Amekaa kwenye gari letu. Analia. Bosi, huyu mtu anataka kusema kitu."

"Nimesema usimwulize."

"Simwulizi. Anasema mwenyewe, mimi naandika tu."

Mkwaruzo ukameza yaliyobaki.

Kibao cha mpaka kilitokea saa tano na dakika tano, kimefunikwa theluji upande mmoja. Changarawe chini ya tairi ikageuka nyeusi. Hatua mia mbili mbele kulikuwa na uwanja wa kupumzikia, mtupu, wenye pipa moja la taka la chuma.

"Fungua mlango mmoja tu," Ernest alisema. "Ukifungua miwili kwa pamoja, yote inaondoka."

Upepo ulimchukua Mavis kabla hajasimama sawa. Alijishika kwenye bodi, akaita jina la Irma, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Hapakuwa na nyayo. Upepo ulikuwa umefagia kila kitu mpaka kokoto zikawa safi. Alikwenda ukingo wa chini, akatazama. Mawe. Alikwenda ukingo wa juu. Mawe na theluji. Alirudi katikati, akazunguka, akahisi hasira ikimpanda kwa sababu alikuwa amelifikia lile eneo, amelifikia kwa akili yake mwenyewe, na eneo halikuwa na kitu.

Ernest alikuwa amesimama kwenye pipa, amelikumbatia. Alimpungia mkono.

Pipa lilikuwa la aina ile inayozuia dubu: kifuniko kizito, na kitasa kilichofichwa ndani ya kasha la chuma ambamo unaingia mkono wa mtu tu. Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na makopo, maganda, karatasi, nepi, zimelundikana chini zenyewe, bila mfuko. Ule mfuko mkubwa mweusi wa plastiki unaotandikwa ndani ya pipa haukuwepo.

Mavis aliweka mdomo kwenye sikio la mjomba wake. "Upepo?"

"Upepo haufungui kitasa hiki."

"Dubu?"

"Dubu angechukua taka akaacha mfuko."

Mtu alikuwa amemwaga taka ndani ya pipa, akachukua mfuko, na mtu huyo alikuwa na vidole vyenye nguvu bado na kichwa kinachofanya kazi. Mavis alimpenda mtu huyo papo hapo. Aligeuza mgongo, akaupa upepo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye mfuko wa plastiki mwilini angefanya, akaacha umsukume unakotaka. Ulimsukuma kuvuka barabara, ukamshusha kwenye mteremko wa upande wa pili, na hapo, chini ya tuta, ghafla ukakatika. Akasikia pumzi yake. Mbele yake kulikuwa na mdomo wa kalavati la bati, la kupitishia maji ya kiangazi, lenye upana wa kumtosha mtu aliyejikunja.

Aliona mabuti kwanza. Yalikuwa makubwa mno kwa aliyeyavaa. Juu ya mabuti kulikuwa na plastiki nyeusi iliyofungwa kiunoni kwa mkanda wa sweta, na ndani ya plastiki hiyo hiyo alikuwemo bibi mwenye mwili mdogo, magoti kifuani, miwani puani, macho yamefumba.

"Mama Irma."

Macho hayakufunguka. Hakuwa akitetemeka, na hilo Mavis hakulipenda hata kidogo. Alitambaa ndani, bati likikwangua mgongo wake, akaweka vidole shingoni. Alisubiri. Hakuwahi kusubiri muda mrefu namna ile. Kisha chini ya vidole vyake kitu kikasukuma, mara moja, kikapumzika, kikasukuma tena.

"Mama Irma, mimi ni polisi. Naitwa Mavis. Nakutoa hapa."

Midomo ya bluu ilisogea. "Umechelewa," ilisema, polepole sana. "Nimekaa... nimekaa hapa... na wewe unachelewa."

Walimtoa pamoja, yeye na Ernest, wakampandisha tuta kwa kumbeba kwenye koti, wakipumzika mara mbili. Ndani ya gari joto liliwashwa mpaka mwisho. Mavis alimvua nguo zilizolowa, akamfunga blanketi tatu, akamkumbatia kwa mbele, kifua kwa kifua, na Ernest akamshikia kikombe cha chai mdomoni, kijiko kwa kijiko. Dakika kumi hakuna lililobadilika. Dakika ya kumi na tano bibi alianza kutetemeka, meno yakigongana, na Mavis akamshukuru Mungu kwa kila mtikisiko.

"Nilitoka kidogo tu," Irma alisema alipoweza. "Nilijua atasimama kufuta taa, siku zote anafuta taa. Nikasema niwahi, nisimsumbue. Mlango nikaurudisha taratibu. Nilipoinuka nikaona taa za breki zinazima."

"Ukapiga bodi."

"Nilipiga kwa mkono mzima. Akaenda. Nikakimbia, nikaanguka, nikasema haya, Irma, acha ujinga, tafuta pa kukaa." Alimeza chai. "Alifika wapi ndipo akajua?"

"Kivukoni."

Bibi alifumba macho, akahesabu. "Mpaka kivukoni. Hakunichungulia hata mara moja." Akavuta blanketi shingoni. "Mimi ndiye nilimfundisha. Aliniamsha mara moja mwaka wa kwanza wa ndoa, hakurudia."

Ernest alicheka, kisha akaona anacheka peke yake, akageuka kutazama nje. Mavis alikuwa akivaa mkanda tayari kugeuza gari, zahanati ya Fort McPherson ikiwa kichwani mwake, pantoni, daktari wa simu, blanketi zaidi. Redio ikakwaruza, ikashika, na sauti ya Konstebo Pardy ikaingia safi, kubwa, imejaa ushindi anaojitahidi kuuficha.

"Bosi, unanisikia? Amekiri."

Mavis aliiangalia redio.

"Narudia, amekiri. Sikumwuliza kitu, nimemsomea haki zake, akasema mwenyewe. Nakusomea: 'Nimemuua. Nimemuua mke wangu. Alinigongea nikamwacha.' Ameweka sahihi kila ukurasa. Hataki wakili, hataki kula, hataki kunywa, anasema afungwe tu. Wapelelezi wameshaambiwa. Sasa tunachotafuta ni mwili, bosi. Rudi, kazi imekwisha."

Mkono ulitoka ndani ya blanketi, mwembamba, wenye mikwaruzo ya bati, ukaelekea kwenye kipaza sauti. Mavis alisita kidogo tu. Akambonyezea kitufe, akamshikia karibu na mdomo.

"Wewe mwanangu," Irma alisema, meno bado yakigongana, "mtilie huyo mzee chai ya moto. Sukari usiweke, ana kisukari. Na mwambie akatae tena aone."

Redio ilikwaruza. Upepo ulilitikisa gari.

"Nani anaongea hapo?" Pardy aliuliza.

"Marehemu," Irma akamjibu.